Mstari wa Chaki wa Mwalimu Waceke

Kila Jumatatu asubuhi, kabla wasichana hawajapanda ngazi, Waceke alipiga magoti mlangoni pa darasa na kuchora mstari wa chaki sakafuni, kutoka mwimo mmoja hadi mwingine. Aliuchora mnene, akaurudia mara ya pili, kisha akainuka akijishika kiuno na kwenda kunawa mikono. Darasa lenyewe lilikuwa juu ya duka la simu, upande wa chini wa jiji, katika mojawapo ya zile ghorofa ambazo bango la chuo, la kinyozi, la mwombezi na la wakili yamebanana ukuta mmoja. Humo ndani mlikuwa na jiko la gesi, mashine ya kufua, meza ya kupigia pasi, na mtoto wa plastiki ambaye alikuwa amebadilishwa nepi na wasichana wengi hata rangi ikamtoka makalioni. Serikali ilikuwa imesema hakuna msichana atakayepanda ndege kwenda kufanya kazi za nyumbani Uarabuni bila kupita mahali kama hapo. Ilisema vizuri. Serikali yetu kwa kusema haijambo.

Mstari ule ndio uliokuwa geti. Ndani ya mstari ilikuwa nyumba ya mwajiri, nje ya mstari ilikuwa barabara ya nchi ya watu. Msichana aliyetaka kwenda msalani, kununua maandazi au kupokea simu alikuja akasimama hapo visigino pamoja, macho chini, akauliza kwa Kiarabu kidogo alichofundishwa, "Mumkin atla, madam?" Yaani naomba kutoka. Saa zote nyingine Waceke alikuwa ticha, lakini pale mstarini alikuwa madam. Mara aliitikia. Mara alijifanya hasikii, akaendelea kukunja shuka, ili wazoee kungoja. Aliyevuka bila ruhusa alirudishwa ndani, na wenzake wote wakampigia kelele kwa sauti moja, "Mtoro!" Walicheka sana, maana walikuwa bado wasichana tu, na wengine ndiyo kwanza wametoka shule.

"Mkicheka mcheke," Waceke aliwaambia. "Lakini hili moja mlishike. Ukiwa ndani ya geti, uko na kandarasi, uko na ejenti, uko na ubalozi. Ukitoka, wewe ni mtoro, na mtoro hana mwenyewe."

Asije mtu akadhani Waceke alikuwa katili. Alikuwa mama wa watu, mtu wa kwaya, aliyezaliwa na kukulia Woodley katika nyumba ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, aliyoachiwa na wazazi. Ujana wake aliumalizia Kitisuru, akiwafanyia kazi watu wa familia ya tajiri mmoja aitwaye Gurmeet, na huko ndiko alikojifunza mashine zote za nyumba kubwa. Mtoto wake Mungai alipofika darasa la pili alifunga virago akaenda Riyadh. Bahati ikamwangukia. Alipewa bibi kizee mjane, mwenye kisukari na moyo mzuri, aliyekula naye sinia moja na kumlilia siku ya kuondoka. Waceke alirudi na afya yake, na friji, na hadithi nzuri za kusimulia kanisani.

Kulikuwa na hadithi moja, hata hivyo, ambayo hakuisimulia kanisani. Nyumba iliyotazamana na ya bibi kizee ilikuwa na msichana wa kwetu, mtu wa Machakos. Huyo alikimbia, kwa sababu ambazo mtu yeyote mwenye akili angekimbia. Mwajiri akapiga ripoti kwamba mfanyakazi wake ametoroka, na tangu dakika hiyo yule msichana akawa mkosaji. Aliyempiga hakuulizwa kitu. Yeye alishikwa kituo cha basi, na Waceke akayasikia hayo mengine kwa vipande vipande: jela, kisha kambi, kisha kurudishwa nyumbani na nguo alizovaa tu. Kwa hiyo alipopata kazi ya kufundisha, aliona ana jambo la kuwapa wasichana ambalo halimo katika kitabu cha wizara. Aliwapa ule mstari, na aliwapa kwa mapenzi.

Na ulifanya kazi. Wasichana wa Waceke walikuwa hawatoroki. Ejenti wote wa mtaa ule walijua, na mwenye chuo, bwana mmoja aitwaye Norman, aliyekuwa pia na ofisi ya ejensi ghorofa ya juu yake, alilisema jambo hilo kwa wageni kama mtu anayesifia gari lake. Waajiri wa kule huchukia utoro kuliko kitu chochote. Ejensi yenye watoro wengi hunyimwa kazi huko na kuulizwa maswali huku.

Nyuma ya nyumba ya Waceke pale Woodley kulikuwa na vyumba viwili vya uani, na katika kimoja alikaa Waithera, muuza mitumba, na binti yake Stellah. Stellah alikulia mikononi mwa Waceke. Alimwita anti tangu alipojua kusema. Alipomaliza kidato cha nne akakaa nyumbani mwaka wa kwanza, akakaa wa pili, Waithera akaanza kubisha mlango wa mbele.

"Mama Mungai, nisaidie na huyu mtoto. Wewe ndio unajua huko. Mimi nitamwachia nani kama si wewe?"

Waceke alikataa mwanzo. Baadaye akakubali, kwa sababu msichana mwenyewe alitaka, na kwa sababu alijiambia kuwa heri aende akiwa amefundishwa na yeye kuliko aokotwe na matapeli wa stesheni. Katika darasa lile hakukuwa na mwanafunzi kama Stellah. Wenzake waliruka mstari ticha akigeuka. Yeye hata darasa likiwa tupu, alisimama pale akangoja Waceke atoke jikoni, kisha akauliza. Siku moja alingoja mpaka akajikojolea kidogo, na alipogundua hilo Waceke alimcheka, akamkumbatia, akamwambia mbele ya wote kwamba huyu ndiye atakayerudi salama.

Stellah alisafiri. Uwanjani walipiga picha, wakaomba, Waithera akalia kidogo kama inavyotakiwa. Miezi ya kwanza sauti zake kwenye simu zilikuwa za furaha: watoto watatu, mama mwalimu wa shule, chumba chake mwenyewe kando ya ghala. Kisha mama yule akaanza kumpeleka kwa dada yake alasiri, akimaliza kwake aanze kule, jambo ambalo kandarasi inalikataza waziwazi. Kandarasi ilikataza mengi. Ilitokana na mapatano ambayo wakubwa wa nchi hizi mbili walitia sahihi wakiwa wamekaa mezani na bendera ndogo mbele yao, na maneno yake ni matamu kuyasoma. Shida ni kwamba hakuna mkubwa hata mmoja aliyekuwa anakaa katika nyumba ile.

Ramadhani ilipofika, kazi ya kukaanga sambusa za nyumba mbili ikamwangukia Stellah peke yake. Siku moja alasiri, kwa usingizi, sufuria ilimponyoka na mafuta yakamwagika juu ya mkono wa kushoto, kuanzia kwenye vifundo vya vidole hadi juu ya kiwiko. Mama wa nyumba aliupaka dawa ya meno, akaufunga kwa kitambaa cha jikoni, akasema hospitali wataenda baada ya sikukuu. Sikukuu ikaja, ikapita.

Sauti aliyoituma kwa Waceke baada ya hapo ilikuwa fupi. "Anti, mkono unanuka. Nauosha na maji ya chumvi vile ulitufunza. Kuinua sufuria siwezi, natumia mkono mmoja. Lakini niko ndani, anti. Sijatoka."

Waceke aliisikiliza amesimama kando ya mtoto wa plastiki, wasichana wapya wakimtazama. Akapanda juu kwa Norman bila hata kuvua aproni.

Norman hakuwa mtu wa kufoka. Alimkaribisha kiti, akaisikiliza sauti yote, akatikisa kichwa kwa huzuni ambayo huenda ilikuwa ya kweli.

"Yuko ndani ama ametoka?" akauliza.

"Yuko ndani. Lakini mkono wake, bosi—"

"Basi tuko sawa. Akiwa ndani naweza kuwaandikia watu wangu wa huko, na lazima wanijibu. Akitoka, mimi sina mkono wa kumfikia. Si ni wewe huwa unawaambia hivyo?"

Norman aliandika kweli, na watu wa kule walijibu kweli. Walituma picha ya Stellah akiwa na aproni safi, ametabasamu, mkono wa kushoto uko nyuma ya mgongo. Walisema anaendelea vizuri na mwajiri amemridhia.

Waceke akaenda na Waithera katika ofisi ya serikali inayoshughulikia wafanyakazi walio ng'ambo, kule mjini. Walipokewa na kijana mstaarabu aitwaye Makau, ambaye hakuwafukuza wala kuwataka kitu. Aliwaeleza utaratibu kwa upole, na utaratibu wenyewe ulikuwa hivi: malalamiko huanzia kwa ejensi, ejensi ikishindwa yanakwenda kwa ubalozi, ubalozi unaandikia serikali ya kule, serikali ya kule inamwita mwajiri. Msichana akihama nyumba kabla ya hapo, mwajiri ataripoti utoro, na faili yake itahamia meza nyingine kabisa. Akifika ubalozini kwa miguu yake watampokea, hilo pia ni kweli, ila ubalozi uko mji mwingine. Waceke alimuuliza kama yeye angekuwa na dada kule angemwambia nini. Makau alitazama kalamu yake, akasema hilo si swali la ofisi.

Njiani kurudi Waithera alimshika mkono. "Mama Mungai, mimi sijui mambo haya. Sema wewe. Ukisema akae, atakaa. Ukisema atoke, atatoka."

Hapo ndipo roho ya mtoto wa watu ilipowekwa mkononi mwa Waceke, mchana kweupe, watu wakipita. Alimkumbuka yule wa Machakos, na jela, na kambi. Alikumbuka pia kwamba yeye mwenyewe alirudi salama kwa kukaa ndani. Akatuma sauti. "Vumilia kidogo, mwanangu. Usitoke. Tunafuatilia." Na Stellah akajibu sawa, anti, kama alivyojibu tangu utotoni akitumwa dukani.

Walifuatilia. Ejensi iliandika, ubalozi ulikiri kupokea, na mkono wa Stellah haukungoja majibu yao. Sauti zake zikaanza kuchanganya mambo. Mara alisema ana baridi, katika nchi ile ya joto la tanuri. Mara alimuuliza mamake kama mvua imeanza Woodley.

Kulikuwa na msichana mwingine wa Waceke, wa darasa la zamani, aitwaye Jackie, aliyekuwa amemaliza kandarasi yake na kupata kazi ya halali ya usafi katika shule ya mji uleule alikokuwa Stellah. Jackie alipoelezwa hakuuliza maswali mengi. Alisema Ijumaa familia za pale huenda kula kwa nyanya wa watoto, dereva huenda kuswali, na ule mlango mdogo wa geti huachwa na komeo tu. Yeye atangoja ng'ambo ya barabara na teksi. Akimpata, wataenda hospitali kwanza, mengine baadaye. Yeye hakuweza kuingia kumchukua, maana kuingia katika ua wa watu ni kosa la jela.

Waceke alimpigia Stellah mwenyewe. Ilimchukua nguvu kulitoa neno lile, na nguvu hizo ni za mtu anayebomoa nyumba yake kwa mikono. "Ijumaa, wakishaenda, utoke."

Stellah akauliza polepole, "Nani amesema nitoke, anti?"

"Mimi. Mimi nimesema."

"Sawa, anti."

Ijumaa ile Waceke hakufundisha. Alikaa na Waithera uani, simu katikati yao juu ya stuli, chai imepoa. Jackie alipiga mchana, akiwa na hasira.

Alisema Stellah alikuja. Mlango mdogo ulifunguliwa, akamwona kabisa, ana mkoba kwenye mkono mzima, ule mwingine umefungwa kitambaa. Alikuwa amekonda hata Jackie hakumtambua mara moja. Hakukuwa na mtu barabarani. Jackie alipunga mkono, akamwita kwa jina, akafungua mlango wa teksi ili Stellah auone. Stellah alisimama kizingitini, visigino pamoja, macho chini. Alisimama hapo, akasimama tu. Midomo yake ilikuwa inacheza.

"Ticha, alikuwa anaongea," Jackie alisema. "Lakini hakukuwa na mtu. Sijui alikuwa anaambia nani."

Waceke alijua. Alijua maneno yenyewe, na alijua ni nani aliyekuwa anaambiwa, na alijua kwamba huyo aliyeambiwa hakuwako kuitikia. Jackie akamalizia: watu walipoanza kutoka msikitini, Stellah alirudi nyuma hatua moja na kuufunga mlango mwenyewe, kwa ndani.

Siku chache baadaye alianguka jikoni, na safari hii mama wa nyumba aliogopa, akaita gari la wagonjwa. Madaktari wa kule walifanya kazi yao vizuri, tuseme ukweli. Waliokoa uhai wake. Mkono waliukata juu ya kiwiko. Mwajiri akakatiza kandarasi kwa sababu za kiafya, akalipa tiketi kama kandarasi inavyosema, na karatasi zote zikawa safi. Norman alisema pole, akampa Waithera shuka na unga. Kisha akamwambia Waceke kwa sauti ya kufariji, "Angalau hakutoroka." Katika hesabu zake Stellah aliandikwa pamoja na wale waliorudi kwa kufuata sheria.

Jumatatu iliyofuata Waceke alipiga magoti mlangoni kama kawaida. Badala ya chaki alikuwa na ndoo na kitambaa. Alisugua pale mpaka saruji ikang'aa, miaka yote ya unga mweupe iliyokuwa imeingia kwenye vitundu ikatoka. Wasichana walipofika aliwaambia kandarasi ni kitu kizuri, ejenti ni kitu kizuri, lakini mkono wako ukianza kunuka, toka. Ukipigwa, toka. Msiulize mtu. Msichana mmoja aliyekuwa mbele, Debra, akainua mkono akauliza kama hilo litakuwa kwenye mtihani. Jioni Norman alikuwa ameshapata habari. Hakumfukuza, alimshauri apumzike. Waceke alipopita pale wiki iliyofuata kuchukua aproni na vikombe vyake, alikuta mstari umerudi mlangoni. Ulikuwa umepakwa rangi ya mafuta, ya njano, na mwalimu mwingine alikuwa anakunja shuka akijifanya hasikii.

Stellah alikaa chumbani kwa mamake bila kutoka. Watu wa kanisa walikuja, wakaimba, wakaenda. Alikula alichopewa, alifagia kwa mkono mmoja bila kuambiwa, na akiitwa alisimama wima. Waithera alisema ataamka tu, apewe muda.

Asubuhi moja ya jua, Waceke alimwomba Stellah wafuatane hadi dukani, wao watatu, waende wakanunue maziwa na kurudi. Stellah akakubali. Alivaa sweta, mkono wa sweta wa kushoto umekunjwa na kubanwa na pini. Waithera akatangulia.

Nyumba zile za kanjo hazina geti. Kuna ua wa kayaba, wenye miiba, na mahali ambapo watu wamepita miaka mingi mpaka pakawa mlango. Waithera alipita hapo akasimama barabarani, akageuka. Stellah alifika kwenye lile pengo akasimama. Visigino vilikutana. Macho yakashuka chini, kwenye udongo mtupu ambao hakuna mtu aliyewahi kuchora chochote.

"Njoo, Stellah," Waithera alimwita kutoka nje. "Njoo tu. Ni hapa kwetu."

Hakusogea. Waceke alikuwa nyuma yake, karibu kiasi cha kusikia pumzi yake, na alitaka dunia ipasuke imeze kila kitu kabla hajasikia kile alichojua anakuja kukisikia.

"Mumkin atla, madam?" Stellah aliuliza, kwa sauti nzuri, matamshi yote mahali pake.

Stellah akangoja bila kugeuka, kwa utulivu wa mtu aliyezoea. Barabarani mwenye mkokoteni wa maji akapita, akasalimia, akaenda zake. Waithera alikuwa ameanza kulia.

"Toka, mwanangu," Waceke alisema hatimaye.

"Asante, madam," Stellah akasema, akavuka.